Mwasisi anapoondoka: Funzo la Tenwek kwa mashirika ya nyanda za chai

KATIKA nyanda za majanichai za Kericho na Bomet, zahanati, makao ya mayatima, miradi ya maji na mifuko ya kusomesha watoto wa maskini mara nyingi hujulikana kwa jina la mtu kabla ya kujulikana kwa jina la shirika. Wenyeji husema wanakwenda kwa daktari fulani, kwa sista fulani au kwa mchungaji fulani. Aliyeanzisha ndiye anayetajwa, na jina rasmi lililoandikwa kwenye cheti cha usajili hubaki limetundikwa ukutani ofisini.

Hiyo ni heshima anayostahili mtu aliyejitolea. Lakini ndani ya heshima hiyo mna swali ambalo wanachama, wafadhili na hata wanaonufaika huona haya kuliuliza: siku mwenye jina atakapozeeka, atakapostaafu au atakapofariki, alichokianzisha kitakuwa cha nani?

Swali hilo sasa limepata uzito mpya. Tarehe 14 Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotiwa saini mwaka 2013 na kukaa kabatini kwa zaidi ya miaka 11, ilianza kutekelezwa nchini Kenya. Ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1990 iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali. Mashirika yaliyosajiliwa kwa utaratibu wa zamani yalipewa kipindi cha mpito cha kujisajili upya, na kila moja linatakiwa kuwa na katiba na baraza la kulisimamia. Vikundi vya kijamii vya vijijini navyo vimetungiwa sheria yao ya mwaka 2022.

Kwa hiyo karatasi zipo. Kisichoandikika katika karatasi ni ushawishi. Mwasisi anaweza kuacha cheo leo, akapewa zawadi na kupigiwa makofi, na kesho asubuhi kila uamuzi ukawa bado unapitia sebuleni kwake. Sheria inaweza kulazimisha kuwepo kwa baraza. Haiwezi kulazimisha baraza hilo kumwambia mwasisi "hapana".

Dalili zinazofanana na sifa

Wataalamu wa uongozi wa mashirika huiita hali hiyo maradhi ya mwasisi. Ugumu wake ni kwamba dalili zake mwanzoni huwa sifa. Shirika linapoanza halina fedha, halina ofisi wala wafanyakazi. Linamhitaji mtu anayeamua haraka, asiyekubali kushindwa, anayejua kila mgonjwa na kila mtoto kwa jina, na anayeweza kumwandikia rafiki yake ng'ambo barua moja akapata paa la darasa. Bila mtu wa namna hiyo, hakuna kinachoanza.

Miaka 15 baadaye shirika lina wafanyakazi 60, magari na hesabu za kukaguliwa. Tabia zile zile sasa huanza kuliumiza. Uamuzi wa haraka wa mtu mmoja hugeuka kuwa uamuzi usiojadiliwa. Kujua kila jambo hugeuka kuwa kuingilia kazi ya kila mtu. Ule urafiki wa ng'ambo hugeuka kuwa kufuli: fedha zinakuja kwa sababu yake, na kila mtu anajua kwamba akikasirika zitakauka.

Meneja huajiriwa, akapewa kiti na mshahara, lakini wafanyakazi hujifunza upesi kwamba mwenye neno la mwisho hakai ofisini. Anayekataliwa jambo na meneja humwendea mwasisi. Mwasisi humwonea huruma na kulikubali. Baada ya miaka miwili meneja hujiuzulu, akaja mwingine, naye akaondoka. Hatimaye mwasisi husema kwa uchungu wa kweli kwamba hajapata mtu wa kumwachia kazi, na wote wanaomsikia humwamini, kwa maana wameona mameneja watatu wakishindwa.

Hata hivyo, jina hilo la maradhi ya mwasisi linapotosha, kwa kuwa linamtwika mtu mmoja ugonjwa wa watu wengi. Baraza lililojaa jamaa na marafiki wa mwasisi, lisilouliza swali kwa miaka kumi, ni gonjwa pia. Mfadhili anayependa kuandikiana barua na mtu mmoja kwa sababu ni rahisi kuliko kuzungumza na taasisi, naye ameambukizwa. Hata wanakijiji wanaonyamaza ili wasikose karo ya watoto wao wamo katika ugonjwa huo. Ndiyo maana kumwondoa mwasisi peke yake hakuponyi shirika. Kunaweza kuliua.

Daktari mmoja na hospitali yake

Mfano wa karibu wa jinsi jambo hili linavyoweza kwenda vyema uko Bomet kwenyewe. Hospitali ya Tenwek ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamishonari Wamarekani wa World Gospel Mission. Kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa na daktari. Wauguzi ndio waliokuwa wakitibu, wakizalisha na kufanya kila lililowezekana kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Mwaka 1959 aliwasili Dkt Ernest Steury, kijana kutoka jimbo la Indiana, Marekani, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza wa kudumu katika kituo hicho. Kwa miaka mingi ya mwanzo alikuwa daktari pekee. Mgonjwa wa kifua, mama aliyeshindwa kujifungua, mtoto aliyeungua na mzee aliyevunjika mfupa, wote walikuwa wake. Alihudumu kwa zaidi ya miongo mitatu. Ingawa hakuwa mwanzilishi kwa maana ya kuweka jiwe la kwanza, kwa wenyeji wa enzi hiyo Tenwek ilikuwa ni yeye, naye alikuwa ni Tenwek.

Kwa kanuni za kawaida, hospitali hiyo ilikuwa na kila sababu ya kudhoofika pamoja naye. Steury alifariki mwaka 2002. Leo Tenwek ina zaidi ya vitanda 300, inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti nyingi za kusini mwa Bonde la Ufa, na ni mojawapo ya vituo vinavyotajwa zaidi nchini katika mafunzo ya upasuaji. Wagonjwa wanaofika huko sasa wengi wao hawakupata kumwona daktari huyo, na wengine hawajui hata jina lake. Kwa mtu aliyejenga taasisi, huko ndiko kufaulu.

Sababu za kufaulu huko zinaweza kuhesabika. Ya kwanza ni umiliki. Steury hakuwa mwenye mali. Alifanya kazi chini ya shirika la kimishonari, na hospitali ikawa ya Africa Gospel Church, kanisa lenye viongozi wake, mikutano yake na waumini wake katika nyanda hizo hizo. Jamii ilikuwa na wa kumwuliza ambaye si daktari. Kanisa linaweza kuwa na mivutano yake, lakini halistaafu wala halizikwi.

Sababu ya pili ni mafunzo. Katika miaka ya 1980 hospitali ilianzisha shule ya wauguzi. Baadaye ilipokea madaktari wanaomaliza vyuo vikuu kwa mwaka wa mazoezi, na katika karne hii ikaanza kuwafunza madaktari wapasuaji kwa miaka kadhaa mfululizo. Kuna tofauti kubwa kati ya daktari anayepasua wagonjwa 1,000 na daktari anayewafunza watu kumi watakaopasua wagonjwa 1,000 kila mmoja. Yule wa kwanza husifiwa zaidi. Yule wa pili huacha kitu.

Sababu ya tatu ni vitu vya kudumu. Hospitali ilitumia maporomoko ya mto Nyangores, yaliyo karibu nayo, kuzalisha umeme wake yenyewe. Mtambo huo ulianza kazi katika miaka ya 1980. Ilijenga pia idara ya afya ya jamii iliyokwenda vijijini kufundisha usafi, chanjo na lishe. Mambo hayo hayabebi jina la mtu. Taa ya chumba cha upasuaji haimuulizi anayeiwasha kama alikuwa rafiki wa mwanzilishi.

Si haki, lakini, kuipamba Tenwek kupita kiasi. Hadi leo hospitali hiyo huwategemea kwa kiwango kikubwa wafadhili wa ng'ambo na wataalamu wanaokuja kujitolea. Utegemezi wa mtu mmoja umepungua, lakini utegemezi wa upande mmoja wa dunia haujaisha. Madaktari Wakenya waliofunzwa hapo ndio wanaopunguza pengo hilo kidogo kidogo, na ndio watakaojibu swali la kizazi kijacho.

Mwasisi aliyejua kuhama

Historia ya nyanda hizi ina mtu mwingine ambaye hatajwi sana, na ambaye anaeleza jambo hili kwa upande mwingine. Willis Hotchkiss, Mmarekani, alifika Afrika Mashariki mwaka 1895 katika msafara wa kwanza wa Africa Inland Mission ulioongozwa na Peter Cameron Scott. Scott alifariki Desemba 1896 huko Ukambani, akiwa hajatimiza hata miaka 30 wala hajamaliza miezi 15 nchini. Shirika hilo changa lilikaribia kuzimika.

Lilinusurika kwa sababu moja kuu: huko Philadelphia kulikuwa na baraza lililoweza kukaa, kuomboleza na kumteua mwingine. Charles Hurlburt alishika uongozi mwaka 1897. Chini yake kazi ilienea hadi Kijabe na kwingineko, na matawi yake yakafika Litein, ambako leo kuna hospitali ya Africa Inland Church inayohudumia wakulima wa chai wa Bureti na Bomet.

Lakini Hurlburt naye alikaa kwa miaka 28. Aliyeliokoa shirika baada ya kifo cha mwasisi aligeuka kuwa mwasisi wa pili, na mwaka 1925 aliondoka katika mvutano na wenzake. Shirika moja, basi, liliyaona yote mawili katika muda wa miaka 30: mwasisi aliyeondoka mapema mno, na kiongozi aliyekaa mpaka kuondoka kwake kukawa ugomvi. Iliwachukua hadi mwaka 1971 kukabidhi kazi yao nchini Kenya kwa kanisa la wenyeji.

Hotchkiss alifuata njia yake. Mwaka 1902, yeye na wenzake wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha kituo cha Marafiki huko Kaimosi. Hakukaa. Kaimosi ikabaki mikononi mwa wengine, na leo Kenya ndiyo nchi yenye waumini wengi zaidi wa madhehebu hayo duniani. Mwaka 1905 alianzisha misheni ya ufundi ya Lumbwa katika eneo la Kericho. Huko alidumu, na alipoanza kuzeeka, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walijiunga naye wamishonari vijana. Hao ndio waliotokeza kazi iliyozaa Tenwek. Mtu huyo hana hospitali iliyopewa jina lake Bomet, lakini bila yeye kukubali wageni waingie katika shamba lake, huenda isingekuwepo.

Njia walizopita wengine

Nje ya nyanda za chai, mifano ni mingi na haifanani. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, liliongozwa na Wood hadi miaka ya 1980. Lilianza kama madaktari wanaoruka kwa ndege ndogo kwenda vijijini. Baadaye likawa shirika la Afrika lenye makao makuu Nairobi, linaloongozwa na Waafrika, na kazi yake kubwa ikawa kuwafunza wahudumu wa afya. Lilibadilisha hata kazi lililoanzia, jambo ambalo waasisi wengi hulichukulia kama usaliti.

Nyumbani, makao ya watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi yaliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, yalimpoteza mwasisi wake Novemba 2006. Sista Mary Owens, aliyekuwa naye tangu mwanzo, alishika usukani. Hapo mrithi hakutafutwa baada ya mazishi. Alikuwa tayari anafanya kazi, anajulikana na wafadhili, na anajulikana na watoto.

Green Belt Movement lilikuwa na mtihani mgumu zaidi. Lilianzishwa mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, lakini Profesa Wangari Maathai akawa ndiye sura yake, hasa baada ya kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Hakuna baraza linaloweza kumteua Wangari wa pili. Lakini vikundi vya akina mama vyenye vitalu vya miche havikuanzishwa ili kumsubiri mshindi wa Nobel. Msitu wa Mau, unaozilinda mvua za mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, utaendelea kuwahitaji watu hao wasiojulikana majina.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa BRAC, shirika lililozaliwa Bangladesh mwaka 1972 na ambalo limekuwa likifanya kazi Tanzania na Uganda tangu mwaka 2006. Mwasisi wake, Fazle Hasan Abed, aliacha ukurugenzi mtendaji mwaka 2001, akiwa na miaka 65, akabaki mwenyekiti. Agosti 2019 aliacha na uenyekiti, akawakabidhi wengine hadharani. Alifariki Desemba 20 mwaka huo huo. Alitumia takriban miaka 18 kuondoka, hatua moja baada ya nyingine, wakati angali na nguvu za kushauri na heshima ya kutosha kuwatuliza waliotaka abaki.

Damu au katiba

Watu wa Bomet wana kumbukumbu yao wenyewe kuhusu urithi wa uongozi. Juni 10, 2008, ajali ya ndege iliwaua mbunge wa Bomet, Kipkalya Kones, na mbunge wa Sotik, Lorna Laboso. Katika chaguzi ndogo za Septemba mwaka huo, wapigakura walimchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu, na Joyce Laboso, dada wa marehemu. Ulikuwa uamuzi halali wa wananchi waliokuwa na majonzi.

Miaka 11 baadaye, Julai 29, 2019, Joyce Laboso, wakati huo akiwa gavana wa Bomet, naye alifariki. Safari hii hapakuwa na la kutafuta. Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kusema kwamba naibu ndiye anayechukua nafasi, na Hillary Barchok akaapishwa Agosti. Majonzi yalikuwa yale yale, lakini jibu lilikuwa limeandikwa kabla ya msiba.

Mashirika mengi ya hisani hayajafika hata nusu ya safari hiyo. Mwasisi akifa, kinachofuata ni mkutano wa familia. Mjane au mtoto anaweza kuwa mtu hodari na mwenye moyo, na pengine ndiye anayefaa kuliko wote. Kosa halipo katika kumchagua. Kosa lipo katika kutokuwepo kwa mtu mwenye mamlaka ya kumchagua au kumkataa. Shirika linalorithiwa kama shamba hugawanywa kama shamba, na waliolijenga kwa michango yao midogo hujikuta nje ya ua.

Mali nayo inahitaji kuangaliwa mapema. Katika nyanda hizi, ambako ardhi ni ghali na inagombaniwa, miradi mingi imejengwa kwenye kiwanja cha mwasisi mwenyewe. Wakati wa kujenga ulikuwa ukarimu. Wakati wa mirathi hugeuka kuwa kesi. Zahanati isiyo na hati ya ardhi kwa jina la shirika au la wadhamini wake ni mgeni katika nyumba ya mtu, hata kama imetibu watu kwa miaka 30.

Fedha hufuata jina

Sehemu ngumu kuliko zote ni fedha. Mfadhili mdogo wa ng'ambo hatoi kwa sababu amesoma katiba ya shirika. Hutoa kwa sababu amekutana na mtu, akamwamini. Mtu huyo akiondoka, imani haihami yenyewe. Mashirika yaliyovuka salama ni yale ambayo mwasisi alianza mapema kumpeleka mrithi wake kwenye mikutano, kumwachia azungumze, na kuacha kujibu barua ambazo si zake tena.

Tukio la mwaka 2025, Marekani ilipositisha na kisha kukata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, lilionyesha ukubwa wa jambo hili. Huduma za ukimwi katika eneo la Kericho zilikuwa zimejengwa kwa miaka mingi kwa ushirikiano na Wamarekani. Hapo aliyeyumba hakuwa mwasisi mmoja, ila serikali nzima, lakini funzo ni lile lile: anayetegemea mkono mmoja hana usingizi mkono huo unapotetemeka. Shirika lenye michango ya wanachama, ada ndogo, chama cha akiba au shamba lake la chai halitakuwa tajiri. Litakuwa na muda wa kupumua.

Kilichobaki kufanywa

Kutokana na mifano hiyo, hatua kadhaa zinajitokeza. Baraza liwe na watu ambao mwasisi hakuwachagua wote, na muhula wao uwe na mwisho. Mali iandikwe kwa jina la shirika. Hesabu zikaguliwe na mtu asiye jamaa. Naibu awepo, ajulikane, na awe amewahi kuliongoza shirika kwa miezi kadhaa mwasisi akiwa likizo ya kweli, si likizo ya kupiga simu kila jioni. Siku ya kuondoka itajwe miaka miwili au mitatu kabla, na isibadilishwe kwa sababu kuna hafla inayokuja.

Yote hayo ni bure iwapo mwasisi hana pa kwenda. Wengi hung'ang'ania si kwa tamaa, bali kwa hofu. Mtu aliyetoa ujana wake wote kwa shirika, akakosa kujiwekea pensheni kwa sababu kila shilingi ilikwenda kwa watoto, hawezi kuambiwa astaafu kwa heshima na kurudi katika nyumba inayovuja. Baraza linalotaka kumpumzisha mwasisi halina budi kupanga maisha yake ya uzeeni, kwa kiasi kinachojulikana na kilichoandikwa. Hiyo ni haki yake, tena ni gharama ndogo kuliko ya mgogoro.

Apewe pia nafasi yenye mipaka. Anaweza kuwa mlezi, kuandika historia ya shirika, kufundisha wafanyakazi wapya kwa nini lilianzishwa. Asitie saini hundi, asiajiri wala kufuta kazi, asiwe mahali pa kukatia rufaa dhidi ya mkurugenzi. Mwanzoni mipaka hiyo itamuuma. Lakini bila hiyo mrithi hataheshimiwa, na mrithi asiyeheshimiwa hawezi kuulinda urithi.

Hilo si jambo geni kwa jamii za nyanda hizi. Wakipsigis, kama Wakalenjin wengine, waliishi kwa mpangilio wa marika, ipinda, ambamo kila rika lilijua kwamba zamu yake ya ulinzi wa nchi ingefika na ingekwisha. Waliomaliza zamu hawakufukuzwa. Walihamia katika baraza la wazee, kokwet, ambako neno lao lilisikilizwa kwa sababu hawakushika tena mkuki. Hakuna aliyeona aibu kupisha, kwa kuwa kila mtu alikuta wengine wamempisha.

Mashirika ya hisani yaliazima mengi kutoka ng'ambo: mihuri, ripoti, lugha ya miradi. Yangefanya vyema kuazima na hilo kutoka nyumbani. Mkulima yeyote wa Bomet anajua kwamba mchai usiopogolewa hurefuka, hupendeza kwa mbali, na majani yake hayafikiki tena kwa mchumaji. Unapokatwa huonekana kama umeuawa. Baada ya miezi michache huchipua, na anayechuma wakati huo si lazima awe yule aliyeupanda.

Kwa wagonjwa wanaopanga foleni Tenwek na Litein, kwa watoto wanaosubiri karo ya muhula ujao katika vijiji vya Konoin na Belgut, jambo hili si nadharia ya uongozi. Nalo huamuliwa mapema, wakati mwasisi angali na afya na sauti yake ingali inasikika, katika vikao vidogo ambavyo leo hakuna anayetaka kuviitisha.